Chumvi, Pilipili Manga na Usiku Mzima

Kanuni ya kupaka kidari cha ng'ombe kabla ya kukitia moshini, kama wanavyofanya Texas ya kati, inaenea nyuma ya risiti ya duka: chumvi ya chembe kubwa na pilipili manga iliyosagwa ikaachwa na ukwaru, kipimo kwa kipimo. Basi. Hakuna kitunguu saumu, hakuna tangawizi, hakuna ndimu, hakuna sukari. Mtu aliyelelewa kwenye jiko la pwani, ambako hata chai haipikwi bila iliki na mdalasini, akiisoma atahisi amenyimwa nusu ya maelezo. Wamarekani wenyewe wengi huhisi hivyo. Ndiyo maana maduka yao yamejaa makopo ya viungo vya kupaka nyama, kila kopo na orodha ndefu mgongoni, kila kopo likijinadi kwamba lina siri.

Siamini kwamba siri ya nyama hii inaweza kukaa ndani ya kopo. Kila unapoondoa kiungo kimoja kwenye mchanganyiko, mzigo wake unahamia mahali pengine: kwenye ukubwa wa chembe, kwenye mizani, kwenye kuni, kwenye saa za kungoja. Kanuni inafupika, kazi inarefuka. Hilo linanivutia kuliko hata utamu wa nyama yenyewe, na utamu wake si haba.

Tuanzie buchani, maana ndiko kanuni hii ilikozaliwa. Katika karne ya 19 wahamiaji wa Kijerumani na wa Kicheki walifungua maduka ya nyama katika miji midogo iliyo jirani na Austin: Lockhart, Luling, Taylor, Elgin. Majokofu hayakuwepo. Nyama isiyouzika ilibidi iokolewe kabla haijaoza, nyingine kwa kugeuzwa soseji, nyingine kwa kupelekwa kwenye matanuri ya matofali nyuma ya duka, ikakaa na moshi. Chumvi na pilipili manga zilikuwa tayari rafuni kwa ajili ya soseji. Mwenye duka hakukaa akabuni ladha. Alinyoosha mkono akachukua kilichokuwepo. Wateja wake wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya pamba, watu weusi na Wamexico, waliokuja na njaa na pesa kidogo, wakapimiwa nyama, wakafungiwa kwenye karatasi ya bucha, wakala palepale na biskuti za chumvi. Sahani hakuna, uma hakuna. Kreuz Market ya Lockhart, iliyoanzishwa mwaka 1900, iliendelea na desturi hiyo hadi ikawa sifa yake: nyama juu ya karatasi, bila sosi, bila uma. Zamani visu vya wateja vilifungwa mezani kwa minyororo ili visiondoke na mtu.

Kabla hata ya hao Wajerumani, watu waliofanywa watumwa walikuwa wakichimba mahandaki Texas na kuchoma wanyama wazima juu ya makaa kwa ajili ya karamu za mabwana zao. Habari ya uhuru iliposomwa Galveston tarehe 19 Juni 1865, siku ile ikawa sikukuu, na sikukuu hiyo mpaka leo haikamiliki bila nyama ya moto. Majina kwenye vibao vya maduka mengi ya kale ni ya Kijerumani. Aliyekesha akichochea moto mara nyingi hakuandikwa popote. Ukisikia mtu anasema kanuni ya chumvi na pilipili ni ya Wajerumani, mwitikie nusu.

Mwaka 1999 familia iliyokuwa na Kreuz Market iligawanyika. Jengo la zamani likabaki kwa dada, biashara na jina vikaenda na kaka kwenye jengo jipya mjini humo humo. Siku ya kuhama, walichota makaa ya moto kutoka tanuri la zamani, wakayaweka kwenye karai kubwa la chuma na kulikokota barabarani hadi tanuri jipya, watu wakitazama. Viungo havikuhitaji maandamano. Chumvi inapatikana kila duka. Kilichostahili kuhamishwa kwa heshima ni moto.

Sasa kidari chenyewe. Ng'ombe hana mtulinga, yule mfupa unaoshika bega la binadamu, kwa hiyo misuli ya kifua ndiyo inayoubeba mwili katikati ya miguu ya mbele, na miguu ya mbele hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mnyama. Msuli unaofanya kazi hivyo tangu ndama anaposimama mpaka siku anapochinjwa hujaa kolajeni, ile nyuzi ngumu inayokufanya utafune mpaka taya liume. Kidari kizima ni misuli miwili iliyolaliana, mmoja bapa na mwembamba, mwingine mnene wenye mafuta, na katikati yake tabaka la mafuta magumu. Ukikichoma haraka kama mshikaki kinakuwa soli. Ukikipa joto la nyuzi 110 hadi 120 za Selsiasi kwa saa 12 au zaidi, kolajeni inageuka jelatini na nyama inaanza kutetemeka ukiibonyeza kwa kidole.

Ndiyo maana kilikuwa cha bei rahisi huko, na ndiyo maana huku kwetu kinaishia kwenye supu. Niliwahi kumwambia kijana wa bucha Dar es Salaam, "Kaka, nipe kidari kizima." Shoka lilikuwa tayari juu ya gogo.

"Kizima? Una shughuli, mzee?"

"Sina. Nataka kukitia moshi."

"Hiki ni cha supu, mzee. Kwa kuchoma chukua steki."

"Nipe hicho hicho. Na mafuta usitoe."

Alinipimia, lakini kwa uso wa mtu anayemuuzia mlevi. Kwa kiasi alikuwa na haki. Kidari cha ng'ombe wetu wa kienyeji, zebu aliyetembea malisho mbali, ni kidogo na kikavu kuliko kile cha Texas kilichonona kwa nafaka. (Ingawa Brahman anayefugwa Texas naye ni ndugu yake: ana damu ya zebu wa India, na nundu yake imekaa palepale.) Kwa kidari chetu nimejifunza kutafuta ng'ombe aliyenenepeshwa, Boran kwa mfano, na kukifunga kwenye karatasi mapema zaidi kikiwa moshini. Lakini kupaka ni kule kule.

Na kupaka kunaanza na chumvi, kwa sababu chumvi peke yake ndiyo inayoingia. Wapishi wengi hawapendi kulisikia hilo. Unaweza kutwanga bizari, ukachanganya binzari nyembamba, ukaongeza pilipili ya kuwasha, ukalaza nyama usiku kucha ukiamini viungo vinazama mpaka katikati. Havizami. Harufu na ladha zake nyingi hubaki milimita chache kutoka juu, hata ukilaza siku mbili. Chumvi tu ndiyo husafiri, na hata yenyewe husafiri kwa mwendo wa mgonjwa: usiku mzima haufikishi chumvi katikati ya kipande kinene.

Nyunyiza chumvi kwenye kidari kilichofutwa maji kisha kitazame. Kwanza hakuna kitu, chembe nyeupe juu ya nyama nyekundu. Baada ya dakika kadhaa kila chembe inazungukwa na unyevu, kisha matone madogo yanatokea, yanaungana, na uso wote unang'aa. Mtu asiyeijua hali hii hudhani chumvi inainyonya nyama maji yake, akachukua kitambaa akapangusa, na hapo amepangusa chumvi yake pamoja na kila alichotaka kupata. Ukikiacha, zile chembe zinayeyuka zote ndani ya unyevu ule, na polepole maji hayo ya chumvi yanarudi ndani. Chumvi ikifika kwenye protini za msuli huzilegeza, zikaweza kushikilia maji vizuri zaidi zinapopashwa joto. Asubuhi uso umekauka, umekuwa mwekundu uliokolea, ukigusa unanata kidogo. Unyevu umerudi nyumbani. Nyama ile itatoka moshini na maji mengi kuliko ambayo haikutiwa chumvi mapema.

Kwa hiyo chumvi inapimwa kwa mizani. Vijiko na vikombe havifai hapa, kwa sababu chembe zinatofautiana mno: kikombe cha chumvi laini ya mezani kinaweza kuwa na uzito mara mbili ya kikombe cha chumvi nyepesi ya magamba. Anayefuata kanuni ya Kimarekani kwa kikombe huku ameshika chumvi laini ya dukani kwetu atakula nyama kama maji ya bahari. Gramu 10 hadi 12 kwa kila kilo ya nyama. Kidari cha kilo 5 na nusu kinapata kama gramu 60, na upande mnene unapata zaidi kuliko ule mwembamba. Chumvi ya mawe inafaa kabisa, ukiiponda isizidi punje ya mchele uliokatika.

Aaron Franklin, aliyefungua duka lake Austin mwaka 2009 kwenye trela kando ya barabara, akaja kupewa tuzo ya upishi ya James Beard mwaka 2015, hutumia mchanganyiko wa nusu kwa nusu kwa ujazo. Ukisikia nusu kwa nusu unadhani ni sawasawa, lakini ukizitia kwenye mizani utakuta chumvi ina uzito karibu mara mbili ya pilipili. Zinapowekwa kwenye kopo lenye matundu, chumvi hushuka chini na pilipili kupanda juu, kwa hiyo usipotikisa na kugeuza kila mara, kona moja ya kidari itapata pilipili tupu na nyingine chumvi tupu. Viungo viwili tu, na bado vinagombana ndani ya kopo. Mimi nimeamua kuvitenganisha: chumvi usiku, pilipili asubuhi.

Pilipili manga haiingii, na haina haja ya kuingia. Kazi yake iko juu, na hapo chembe ndiyo kila kitu. Watu wa Texas hununua ile waliyoipa namba 16, yaani inayopita kwenye wavu wenye matundu ya kama milimita 1.2. Kubwa kuliko hiyo itakuwa kokoto kwenye meno. Laini kuliko hiyo itakuwa vumbi, na vumbi la pilipili kwenye moshi wa saa 12 huwa chungu, tena huziba uso wa nyama kama matope. Punje zenye ukwaru hufanya uso uwe na vilima na mabonde, na moshi hupenda kutua kwenye uso wa namna hiyo, hasa ukiwa na ubaridi na unyevu.

Hapa watu wa Afrika Mashariki tuna bahati ambayo mpishi wa Lockhart hana. Pilipili manga ilikuja kwetu kutoka pwani ya Malabar na biashara ya kaskazi, na leo inakua Unguja na Pemba, inakua Muheza. Unaweza kuinunua nzima, nyeusi, imekunjamana, ikiwa haijakaa ghalani miaka. Itwange kwenye kinu kwa kugonga, usiisage kwa kuzungusha mchi, kisha ipitishe kwenye chujio la chai ili vumbi lidondoke. Vumbi litunze kwa ajili ya mchuzi. Kilichobaki juu ya chujio ndicho unachokitaka, na harufu yake itakupigisha chafya kabla hujamaliza.

Usikisugue kidari. Kusugua kunakusanya viungo kwenye mikunjo na kuacha vipara. Inua mkono kama sentimita 30 juu ya nyama na uache punje zinyeshe, kisha zikandamize kwa kiganja, taratibu, bila kuburuta. Fanya hivyo pande zote na kwenye kingo, maana kingo husahaulika. Ukimaliza uone nyama kati ya punje. Wengi hupaka haradali kwanza ili viungo vishike. Haradali haidhuru kitu, ladha yake yote hupotelea motoni, na maji matupu yanafanya kazi ile ile kwa bei ya maji.

Na vile viungo vingine? Sikatazi. Memphis, kwenye mgahawa wa Rendezvous uliofunguliwa mwaka 1948, mbavu za nguruwe hupakwa mchanganyiko wenye paprika na majani makavu, na watu husafiri kwenda kuzila. Kansas City wanapenda sukari na sosi nzito. Lakini mbavu hukaa motoni muda mfupi kuliko kidari. Sukari haiungui kwenye nyuzi 110, ila kwa saa 12 itaendelea kuwa nyeusi tu, na utamu wake utasimama mbele ya nyama ya ng'ombe badala ya nyuma yake. Paprika hutiwa kwa ajili ya rangi, na saa ya nne ya moshi rangi hiyo haionekani tena. Kitunguu saumu cha unga nakiruhusu, kidogo, siku ambayo wageni ni wa kupenda kitunguu saumu. Kibichi hapana.

Kisichonipendeza ni kule kuongeza viungo kwa hofu. Mtu haamini nyama yake, haamini moto wake, kwa hiyo anaongeza. Pakiti ya mchanganyiko wa mchuzi, kijiko cha hiki, kijiko cha kile, na zote zina chumvi ndani yake ambayo hakuipima. Kesho yake nyama imekuwa chungu kwa chumvi na hawezi kusema iliingilia mlango gani. Ukiwa na vitu viwili, kikiharibika kitu unajua umuulize nani.

Jambo jingine nililolifikiria sana ni nani anayetia chumvi. Kwenye nyama choma yetu, mbuzi huwekwa juu ya makaa bila kitu au na maji ya chumvi kidogo, hukatwa kwenye ubao mbele yako, na pembeni mwa ubao kunawekwa kilima kidogo cha chumvi. Kila mlaji anachovya anavyotaka. Mwenye shinikizo la damu anapita mbali, mwenye bia mkononi anachovya mara mbili. Mpishi hana neno. Kwenye kidari cha moshi mpishi anaamua usiku uliotangulia, wageni wakiwa bado wamelala makwao, na uamuzi wake haubadiliki tena. Hakuna kuonja katikati. Hakuna kuongeza maji. Anaweka gramu 60 na kwenda kulala, akiwa amewaamulia watu 15 watakavyoonja kesho mchana. Sijui kazi nyingi za jikoni zinazodai ujasiri wa namna hiyo kwa kitendo kidogo hivyo.

Baada ya kupaka, moshi. Texas ya kati wanatumia mwaloni wa aina ya post oak kwa sababu ndio uliowazunguka, hukauka vizuri, na moshi wake hauna makali. Moshi unaofaa ni mwembamba, karibu hauonekani, wenye samawati. Ule mweupe mzito ni wa kuni zinazokosa hewa, nao huacha masizi machungu ambayo hakuna kiungo kitakachoyaficha. Jamii zetu zinazofukiza vibuyu vya maziwa zinalijua hili tangu zamani. Wamasai huchagua mti gani uingie kwenye kibuyu, Wakalenjin nao wana wao kwa ajili ya maziwa yao ya mursik, na hawachukui kuni yoyote iliyo karibu.

Katikati ya safari joto hugoma. Nyama ikifika kama nyuzi 68 au 70 kwa ndani, kipimo husimama, na kinaweza kusimama hapo kwa saa kadhaa huku moto ukiwaka vilevile. Zamani walidhani joto linatumika kuyeyusha kolajeni. Mwanafizikia Greg Blonder alionyesha kwamba nyama inatoka jasho tu: maji yanavukizwa usoni na kuipoza, kama jasho linavyompoza mtu. Wapishi huogopa hapo, wakaongeza moto. Dawa ni kungoja, au kukifunga kidari kwenye karatasi ya bucha, ile ile iliyofungia chakula cha vibarua wa pamba, kisha kukirudisha. Ila usikifunge mpaka uso umekuwa gamba jeusi na ukikwaruza kwa ukucha viungo havitoki. Gamba hilo ni chumvi, pilipili, mafuta, protini zilizokauka na moshi, vyote vimeshikana vikawa kitu kimoja. Ukimpa mtu anayeonja mara ya kwanza hatakisia kwamba ulianza na viungo viwili.

Kikifika kama nyuzi 95 kwa ndani, na kijiti kikiingia bila ubishi, kitoe, kipumzike saa moja au mbili, kisha ukate kwa kukingama nyuzi za nyama, vipande vya unene wa penseli. Chini ya gamba utaona ukanda wa waridi. Nilikuwa kwenye mkusanyiko wa Waafrika Mashariki nje kidogo ya Dallas, mwenyeji akikata kidari chake, mama mmoja aliyekuwa ametoka Nakuru kumtembelea bintiye akairudisha sahani.

"Mwanangu, hii ina damu."

"Hapana mama, si damu. Ni moshi."

"Moshi mwekundu?"

Mwenyeji alikuwa sahihi. Kuni zinapoungua hutoa oksidi ya nitrojeni na kaboni monoksaidi, gesi hizo hushikana na mayoglobini ya nyama karibu na uso na kuzuia ile rangi isigeuke kijivu. Nyama imeiva kupita kiasi, rangi tu ndiyo imegoma. Mama hakutaka kemia. Alichukua kipande cha pembeni, chenye gamba pande tatu, akatafuna, akanyamaza, akachukua kingine. Kisha akauliza kachumbari iko wapi.

Nilimwunga mkono, na bado namwunga. Nyama yenye mafuta mengi hivyo inahitaji kitu kichachu pembeni. Texas wanaweka vitunguu vibichi na matango ya siki. Kachumbari yenye ndimu inafanya kazi hiyo hiyo, na inafanya vizuri zaidi. Iwe pembeni tu, isimwagwe juu.

Kule Lexington, Texas, duka la Snow's, ambalo jarida la Texas Monthly lilitangaza mwaka 2008 kuwa la kwanza katika jimbo zima, hufunguliwa Jumamosi tu. Mpishi wake mkuu aliyejulikana dunia nzima ni mama, Tootsie Tomanetz, aliyezaliwa mwaka 1935 na kuanza kazi ya moto katika miaka ya 1960, naye aliendelea kuchochea makaa usiku wa manane akiwa tayari bibi mwenye umri wa watu kumbembeleza apumzike. Kwenye kidari chao, chumvi na pilipili. Wala hawafichi, kanuni ukiiomba unaambiwa, kwa sababu aliyeisikia bado hajaamka usiku wa manane.

Kidari huko sasa kimepanda bei sana, kwa kuwa kila mtu amekijua. Kwenye mabucha yetu mengi bado hakijulikani hivyo. Ukitaka kujaribu, wahi asubuhi kabla shoka halijakipitia, useme mapema kwamba unakitaka kizima na mafuta yake, na ununue mizani ya jikoni kabla ya kununua kiungo kingine chochote.